Kuinuka kwa Lugha Mbili

Nafula mwanangu,

Umeenda mjini kuagana na wenzako na umeniachia begi wazi kitandani, kama kawaida yako, nikunje kilichobaki. Nimekunja. Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kunipigia simu ukifika. Hayo nimeyasema tangu jana mpaka ukaniuliza kama nimemeza redio. Barua hii ni ya kitu kingine. Ni jibu la swali uliloniuliza juzi, ambalo nililijibu vibaya.

Uliweka simu mezani ikirekodi. Ukasema ni mazoezi tu, kabla hujaenda kuwahoji watu Bungoma, kwa kina baba yako, kwa ule utafiti wako wa digrii ya pili, wa watu waliolelewa mbali na kabila lao. Ukakaa wima, ukakohoa kidogo, ukawa mtu wa ofisi. Nilitaka kucheka lakini nikajizuia. Ukauliza, "Je, katika miaka yote uliyoishi Nyeri, umewahi kubaguliwa kwa sababu ya kabila lako?"

Nikasema, "Hapana. Ongeza sukari kwa hiyo chai."

"Mum, seriously. Hiyo si answer."

"Ndiyo niliyo nayo."

"Unanijibu kama mtu ako kwa kampeni," ukasema, ukazima simu. Halafu ukasema lile la pili, ambalo sidhani ulikuwa umelipanga. Ulisema ukitulia Bungoma utaliondoa jina la Nyambura kwenye kitambulisho ubaki Nafula tupu, kwa sababu Cucu, yule bibi mwenye ploti tuliyopanga, alikufuta kama ubao, na mimi mama yako nilisimama kando na chaki mkononi nikitazama.

Neno hilo liliniingia. Nilijifanya naosha vikombe, lakini vilikuwa safi.

Sasa sikiliza. Sikuandikii ili ulibakishe hilo jina. Una akili zako na kitambulisho ni chako. Nataka tu ulijue lilivyokuja kabla hujaliondoa, na ujue kwa nini nilisema hapana. Na kwa kuwa wewe ni mtaalamu wa jamii na mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, naomba nianzie pale ninapopajua, kwenye neno.

Neno lenyewe ni kuinuka.

Nilipofika Giakanja nikiwa mwalimu mpya, nilikuwa sijui Kikuyu hata cha kuomba maji. Jioni moja nimekaa ofisini kwa walimu nasahihisha insha, akaingia mzee aliyekuwa akifundisha hesabu. Akaniuliza, "Mwarimu, huinuki?" Nikadhani anataka kiti. Nikasimama haraka nikakisogeza upande wake. Akakitazama kiti, akanitazama mimi. Akauliza tena, "Kwani leo hutainuka?" Nikamwambia, "Nimeshainuka, mwalimu." Na kweli nilikuwa nimesimama mbele yake wima kama askari wa gwaride. Wenzangu walicheka mpaka mwalimu wa dini akatoka nje kujifuta machozi. Ndipo wakanieleza kwamba kuinuka, kwa Kikuyu, ni kwenda nyumbani. Yule mzee aliona giza linaingia akanionea huruma tu.

Nilicheka nao. Ulikuwa utani mzuri, na kwa miaka mingi nikitoka pale jioni wananiambia, "Mwarimu, inuka," nami nasimama kwa madoido. Huo ndio upande mtamu wa lile neno.

Upande mwingine ulikuja Desemba. Wakati huo tumeshahamia hapa Skuta, baba yako akiwa koplo kituo cha polisi, nami natoka asubuhi kwenda Giakanja na kurudi jioni. Shule zikifungwa tu, kila niliyekutana naye dukani, kanisani, kwenye foleni ya mfereji, aliniuliza jambo moja. "Mwarimu, mnainuka lini?" Walikuwa hawana ubaya wowote. Kwao ni salamu ya msimu, kama kukuuliza umelalaje. Lakini hebu fikiria unaulizwa hivyo na mtu mliyepanda naye sukuma wiki pamoja, ambaye watoto wake wanakula kwako. Anakuuliza utaenda nyumbani lini, na wewe umesimama mlangoni kwako na ufunguo mkononi. Najibu, "Tarehe ishirini hivi," naingia ndani, na jioni nzima sina hamu ya kuongea. Baba yako aliniona akasema, "Sisi ni wageni wa kudumu. Zoea." Yeye alizoea. Mimi sikuzoea, nilinyamaza tu, na watu wengi hudhani hayo ni kitu kimoja.

Wewe ulizaliwa hapahapa, mvua za Aprili zikinyesha mpaka choo cha ploti kikafurika. Baba yako akakuita Nafula, jina la bibi yake, nalo kwetu ni la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Mwenye ploti alikuwa huyu Cucu unayemjua, ila wakati huo mgongo wake ulikuwa umenyooka na ng'ombe wake walimwogopa. Alikuja kukuona na chupa ya uji. Akauliza jina. Nikamwambia. Akalijaribu mdomoni, halikukaa. Akauliza maana yake. Nikasema ni mvua.

"Mvua?" Akapiga makofi. "Si huyu ni Nyambura! Sasa mbona hukusema?"

Na ni kweli, Nafula. Nyambura ni wa mvua. Mimi ninayefundisha tafsiri darasani sijawahi kuona neno likihama lugha likafika zima namna ile. Nilifurahi sana. Nikiwa mwanamke mgeni mwenye mtoto mchanga, mama yangu yuko mbali, akaja mtu na kumkuta mtoto wangu ndani ya lugha yake kana kwamba alikuwa akimsubiri. Kwa hiyo pale mwanzo hakuna aliyekufuta. Ningependa hilo uliandike popote unapoandika mambo yako.

Kosa lilikuja baadaye, na lilikuwa langu. Ulipofika umri wa nasari mimi nilikuwa kazini, baba yako yuko zamu, Cucu ndiye aliyekupeleka siku ya kwanza. Mwalimu akauliza jina, Cucu akasema Nyambura. Niliporudi nikaelezwa. Nilikuwa na nafasi ya kwenda kesho yake niseme, "Mtoto anaitwa Nafula." Ni maneno matatu tu. Sikwenda. Kesho yake tena sikwenda.

Sikwenda kwa sababu niliona mambo yakilainika. Ulialikwa kwenye sherehe za watoto. Mwenye duka alikukatia andazi la bure akisema wewe ni mtoto wa hapa. Wazazi wengine walinizoea kupitia kwako, wakaniita Mama Nyambura badala ya "ule mwarimu Mluhya". Nilichoka kueleza, mwanangu. Mtu akichoka kueleza, hukubali chochote kinachopunguza maswali. Nikajiambia jina ni lilelile, limetafsiriwa tu.

Nilimwambia baba yako hivyohivyo. Alikuwa anavua buti. Akaniuliza, "Basi nami nikutafsiri wewe, nilete mwingine anayemaanisha wewe?" Tangu siku hiyo akirudi kazini alikuita kutoka getini kwa sauti ya kuamrisha gwaride, "Nafulaaa!" ili ploti nzima isikie. Ndiyo maana ulikua ukijibu majina mawili, kutegemea nani yuko getini. Wewe ulidhani ni mchezo. Mimi na baba yako tulikuwa tunagombana kupitia kwako.

Sasa turudi kwa swali lako, kama nimewahi kubaguliwa. Nikupe mifano, halafu uniambie wewe uliyesoma.

Tuna chama chetu cha akina mama, unakijua. Mikutano inaanza kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Tunaomba kwa Kiswahili, tunasoma yaliyopita kwa Kiswahili. Halafu linafika jambo lenyewe, lile lenye uzito, na mmoja anasema, "Mwarimu, utatuwia radhi, hapa tuongee kidogo na lugha ya nyumbani." Wanahama. Kikuyu changu siku hizi kinatosha, nasikia yote. Lakini nimeshaombwa radhi, kwa hiyo nakaa na kikombe changu kama mgonjwa anayejadiliwa na madaktari. Wakimaliza wananifupishia. Na ni wanawake haohao waliolala hapa kwangu sakafuni wakinishika mkono wiki baba yako alipofariki. Je, huo ni ubaguzi? Ningesema ndiyo kwenye simu yako, ningewasaliti. Nikisema hapana, nakudanganya wewe.

Nafasi ya kukaimu unaibu wa mwalimu mkuu ilipotokea, wengi walidhani ni yangu. Alipewa mwingine, aliyekuja nyuma yangu. Niliambiwa walitaka mtu anayewaelewa wazazi. Pengine ni kweli, maana yule mama alikuwa mzuri kwa wazazi na mimi nina ulimi. Pengine si kweli. Sitajua kamwe, na hili la kutojua ndilo limenichosha zaidi ya yote. Ukinyimwa kitu na mtu akakuambia wazi kwa nini, unakasirika, unalala, unaamka. Usipoambiwa, unabaki unajikagua mwenyewe. Labda nilivaa vibaya, labda nilicheka sana siku ile. Nilijikagua miaka mingi bila kukuta kitu.

Huko uendako, usimuulize mtu swali kubwa namna ile akiwa amekaa kwenye kiti akitazama simu. Atakwambia hapana, kwa sababu kesho atamwomba jirani kiberiti. Mkute anamenya viazi, umsaidie kumenya, umuulize ni nani huzungumza nini kikao kikifika kwenye jambo lenyewe.

Na kuna swali hukuniuliza kabisa, la kama mimi nimewahi kumbagua mtu. Nafurahi hukuuliza, maana hapo ningemwaga chai.

Shuleni tulikuwa na soja wa geti, mtu wa Turkana, jina lake Ekal. Jina lake nimelijua baadaye. Kwa muda mrefu sisi walimu wote tulimwita "Turkana." Turkana fungua geti, Turkana niitie bodaboda. Mimi niliyekuwa nikienda nyumbani kuumia kwa kuitwa ule mwarimu Mluhya, asubuhi napiga honi ya mdomo, "Turkana!" Siku moja mvua inanyesha, nimechelewa, nikaita. Akaitikia kutoka kibandani kwake, "Mluhya, ngoja nivae viatu."

Nafula, nilipandwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu kushtaki utovu wa heshima. Akaitwa, akaonywa mbele yangu. Aliitikia tu. Jioni alinifungulia geti kama kawaida na kuniita Madam. Njia nzima kurudi Skuta nilikuwa natafuta tofauti kati ya neno langu na neno lake, na mimi ndiye mwenye kazi ya kutofautisha maneno. Hakukuwa na tofauti ila kwamba mimi nilikuwa na mahali pa kumshtaki. Nilianza kumwita kwa jina lake wiki iliyofuata, bila kuomba msamaha, kwa sababu nilikuwa na kiburi. Alihamia kazi nyingine kabla kiburi hakijaisha.

Nakuambia hili kwa sababu juzi ulizungumza kana kwamba dunia ina wanaofuta na wanaofutwa, kila kundi na benchi lake. Mimi nimekalia mabenchi yote mawili, mara nyingine kwa siku moja.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu ukurasa wa kwanza. Ni mazishi ya baba yako.

Ulikuwa darasa la sita. Tulimpeleka kwao Bungoma kama ilivyo desturi, na akina mama wa Skuta wakakodi basi wakaja nasi, Cucu akiwa kiti cha mbele na blanketi magotini. Ilikuwa mara yako ya kwanza kukaa pale zaidi ya siku mbili. Ulikuwa umeketi kwenye mkeka karibu na jeneza pamoja na binamu zako, wote wakilia kwa Kibukusu, Kiluhya cha kwao, na wewe huelewi nusu ya maneno ya kumlilia baba yako mwenyewe. Shangazi yako Nasimiyu, huyuhuyu unayekwenda kuishi kwake kesho, alikuwa nyuma yako. Cucu alikuwa kwenye kiti cha plastiki hatua chache kutoka kwako. Mimi nilikuwa upande wa pili.

Ukageuka. Hukunitazama mimi, ulimtazama yeye. Ukasema huku unalia, "Cucu, ningwenda kuinuka."

Nilisikia. Cucu alisikia. Katika boma lile zima, ukiondoa wale wa basi waliokuwa nje kwenye hema, ni sisi wawili tu tuliojua umesema nini. Ulisema unataka kwenda nyumbani. Ulikuwa umekaa kwenye ardhi ya babu zako, kando ya baba yako, mahali ambapo kila mtu tangu asubuhi alikuwa akikuambia kwamba hapa ndipo nyumbani, na ukasema unataka kwenda nyumbani.

Nasimiyu naye alisikia. Lakini alisikia Kiswahili. "Mtoto anataka kuinuka," akasema. "Mwinueni, jamani, miguu imemfa ganzi." Wanawake wawili wakakushika makwapa, wakakusimamisha, wakakupangusa vumbi la sketi. Mmoja akakunyoosha magoti. Ukabaki umesimama katikati ya watu, unanitazama, unangoja niwaambie.

Sikuwaambia. Nilirekebisha leso yangu nikatazama jeneza.

Mara mbili tatu umeniuliza ukiwa mkubwa kwa nini unaikumbuka siku ile kama siku ya kusimama. Nilikujibu kwamba ulikuwa mdogo, mambo huchanganyika. Hayakuchanganyika. Ulikumbuka sawasawa.

Nilinyamaza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni woga. Tayari nilikuwa nimesikia mtu akinong'ona nyuma ya jiko kwamba marehemu ameacha Mkikuyu badala ya mtoto. Ningetafsiri yale maneno, wangesema mimi ndiye niliyempoteza mtoto wao, na huenda wangekuzuia ubaki, na sikuwa na nguvu za kupigana na ukoo mzima siku ile. Sababu hiyo sioni aibu nayo sana.

Ya pili ni wivu. Ulipoumia kabisa, ulimtazama mwenye ploti. Mimi nilikuwepo, mama yako mzazi, na wewe ukamwita Cucu. Nilimwonea wivu mbele ya maiti ya mume wangu. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu na sijalizoea.

Tuliporudi hapa Skuta ulishuka ukakimbilia mfereji wa ploti, ukanywa maji kwa mikono kana kwamba Bungoma hakuna maji. Cucu alifungua geti. Hakunisema, wala siku ile wala siku nyingine. Ila mimi nilianza kumrekebisha. Akisema Nyambura, nasema Nafula. Mbele za watu. Nilikwenda shuleni kabla ya usajili wa mtihani nikasema jina la mtoto ni Nafula, na mwalimu akasema Nyambura tayari liko kila mahali, ndipo yakaandikwa yote mawili. Nilijiona nimerudisha heshima ya baba yako. Ukweli ni kwamba nilikuwa namlipiza mwanamke mzee kwa kupendwa na mtoto wangu. Kwa hiyo hata lile jema nililofanya nililifanya kwa sababu mbaya. Sijui kwenye somo lenu mnaliitaje hilo. Hapa kwetu tunaliita maisha.

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni. Cucu alikuwa amekaa juani kwenye kibao chake, akakuona unatoka kanisani, akaita, "Nyambura!" Ukasimama. Ukamjibu kwa upole, lazima niseme ulikuwa na adabu, "Cucu, mimi naitwa Nafula."

Naye, na masikio yake yale yasiyosikia vizuri, akacheka, "Ii, Nyambura wakwa," yaani Nyambura wangu, akakunyooshea mkono.

Ukaingia ndani. Tangu siku hiyo hujapita upande wake. Unazunguka nyuma, kule kwa zizi, unakanyaga tope ili usipite mlangoni kwake. Viatu nimeviona, ni mimi niliyevisafisha.

Sikulaumu. Nilipokuona unazunguka nilijiona mwenyewe. Hiyo njia ya zizini niliitengeneza mimi.

Bungoma utaipenda. Nasimiyu ana mdomo lakini ana moyo, na atakuchinjia kuku mpaka uombe sukuma. Watakucheka Kibukusu chako. Watasema, "Mkikuyu wetu amefika," na utatafuta kama neno "wetu" limezidi neno "Mkikuyu" au la. Siku nyingine litazidi. Siku ambayo halitazidi, usimwandike aliyesema kuwa mtu mbaya kabla hujakaa naye. Na usijitie kwamba halikuumi, kama nilivyofanya mimi na Desemba zangu. Mwambie linauma. Mimi sikuwahi kumwambia mtu yeyote hapa, hata mmoja, na nadhani wengi wao wangeacha kuuliza siku hiyohiyo.

Nataka pia umwambie Nasimiyu ulichosema kwenye ule mkeka. Mwambie kwa Kiswahili chenye maana sahihi. Najua atalia, na huenda akanikasirikia. Mwache anikasirikie, ni haki yake. Anasimulia mpaka leo jinsi alivyomsimamisha mtoto wa kaka yake miguu ilipomfa ganzi, na ni hadithi nzuri, lakini si yenyewe.

Nilitaka kumalizia hapo. Nilikuwa nimeweka kalamu chini nikatoka kuanua nguo zako.

Cucu alikuwa kwenye kibao chake. Baridi yote hii ya Agosti, na shuka mbili mabegani. Akaniita kwa mkono. Nikainama, maana siku hizi lazima umsemee sikioni. Mtu amemwambia kwamba unasafiri.

"Mwarimu. Ati Nyambura anaenda Bungoma kesho?"

Nikamwambia ndiyo.

Akafikiri. Akavuta shuka. Akaniuliza, "Sasa atainuka lini?"

Nilisimama pale na nguo mikononi. Nikadhani sikusikia, nikamwomba arudie. Akarudia kwa kunionea huruma, polepole, kama vile mimi ndiye kiziwi. Anaenda Bungoma kesho. Atainuka lini.

Nafula, tangu nifike milimani huku nimeulizwa neno lile Desemba baada ya Desemba, na kila mara lilikuwa linatazama magharibi. Leo ni mara ya kwanza nimelisikia linatazama hapa. Kwake Bungoma unaenda tu, na Skuta ndiko utakakoinuka. Hakuwa ananiliwaza, hata hajui kwamba kuna jambo la kuliwaza. Alikuwa anauliza tu apate kujua.

Nilimgusa bega nikaja ndani, na sasa nguo zako zimelowa kidogo hapa nilipozikumbatia, utanisamehe.

Barua hii nitaiacha juu ya mto wako uisome leo. Asubuhi gari linaondoka mapema, lakini Cucu huamka kabla ya kuku. Atakuita Nyambura, hilo halitabadilika tena, kichwa chake kimeshafunga hesabu. Itikia au usiitikie. Lakini pita mlango wa mbele, uiname kwenye sikio lake, umjibu swali lake wewe mwenyewe. Mimi jibu sina, na ningependa nami nilisikie.

Mama yako